Kusimama Penye Pengo



Padre wetu aliponiomba niandike neno la mwezi huu, nilikuwa nasoma kitabu cha nabii Ezekieli, nikafika sura ya 22, aya ya 30, nikakwama hapo. Mnaikumbuka sura yenyewe. Mungu anaulalamikia mji wake. Wakuu wameharibika, makuhani wameharibika, manabii nao wanapaka chokaa juu ya uongo. Mgeni anaonewa, yatima na mjane wanadhulumiwa. Kisha Mungu anasema alimtafuta mtu mmoja wa kusimama penye pengo la ukuta kwa ajili ya nchi, na hakumpata. Hakutafuta jeshi. Alitafuta mtu mmoja, akamkosa.

Nikawa najiuliza, mtu wa namna hiyo ni wa namna gani hasa? Nilikuwa bado nafikiri hivyo siku mjukuu wangu aliponipigia simu. Binti huyu ana miaka kumi na miwili, na anakaa na wazazi wake katika mji wa Minneapolis, jimbo la Minnesota, kaskazini ya Marekani, ambako siku hizi wamo watu wengi wa Afrika Mashariki. Baada ya shikamoo yake na marahaba yangu aliniuliza, "Babu, unamjua Jaji Page?" Nikamwambia simjui. "Shule yetu ina jina lake," akasema. "Alikuwa mcheza mpira."

Nakiri kwamba sikupendezwa. Nimefundisha miaka mingi, na nimeona shule zilizopewa majina ya marais, ya maaskofu, ya mito na milima. Lakini ya mcheza mpira? Nikamwambia mjukuu wangu kwamba nitakwenda kusoma habari za mtu huyo, na nitampa jibu langu. Nilifikiri jibu langu litakuwa la kukemea.

Jina lake ni Alan Page. Alizaliwa mwaka 1945 katika mji wa Canton, jimbo la Ohio. Mpira alioucheza si huu wetu. Ni mpira wa Kimarekani, ambao tufe lake ni refu kama yai, na wachezaji huvaa kofia ngumu na mabega ya bandia, maana wanagongana kama mafahali. Kila upande una watu 11. Wenye mpira hupewa majaribio manne ya kuusogeza yadi 10. Wakishindwa, mpira unakwenda kwa wenzao. Na tofauti na huku kwetu, ambako beki anaweza kupanda akafunga goli na kubebwa mabegani, kule watu wa kushambulia na watu wa kuzuia ni makundi mawili mbalimbali. Mlinzi kazi yake ni kuzuia tu. Husimama kwenye mstari, uso kwa uso na watu wenye miili kama milango, na kati ya mtu na mtu kuna upenyo. Kila mlinzi huambiwa upenyo wake ni upi. Adui akipita hapo, ni juu yake huyo mlinzi, si juu ya mwingine.

Niliposoma habari hiyo ya upenyo, nilikirudia kitabu cha Ezekieli nikacheka peke yangu.

Page alisoma Chuo Kikuu cha Notre Dame, na mwaka 1967 akachukuliwa na timu ya Minnesota Vikings. Hapo alicheza na wenzake watatu kwenye mstari wa mbele, Carl Eller, Jim Marshall na Gary Larsen, na kwa kuwa jezi zao zilikuwa za rangi ya zambarau, watu waliwaita Wala Watu wa Zambarau. Page hakuwa mnene kuliko wenzake. Sifa yake ilikuwa wepesi. Mpira ukianza tu, yeye alikuwa ameshafika. Mwaka 1971 alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa ligi nzima, na hakuna mlinzi aliyewahi kupewa heshima hiyo kabla yake. Baada yake amepata mmoja tu, Lawrence Taylor, mwaka 1986. Watu wa kila nchi huwasifu wafungaji. Anayezuia husifiwa mara chache, na hiyo haiko katika mpira peke yake. Waulizeni akina mama wanaofagia kanisa letu kila Jumamosi ni nani amewahi kuwashukuru.

Timu ile ilifika fainali kubwa mara nne, Januari ya mwaka 1970, ya 1974, ya 1975 na ya 1977. Mara zote nne ilishindwa. Ndiyo kusema Alan Page, pamoja na sifa zake zote, hakupata kulishika lile kombe la mwisho. Lakini alicheza michezo 218 ya ligi mfululizo bila kukosa hata mmoja, katika mchezo ambao watu huvunjika miguu na shingo. Kidole chake kidogo kiliteguka katika kazi hiyo, na hakikurudi mahali pake. Mpaka leo kimepinda kuelekea pembeni kabisa, kama kibao cha njiani.

Sasa nawaomba msome polepole, maana hapa ndipo nilipoacha kukemea.

Page amesimulia kwamba siku moja, katika miaka yake ya mpira, walinzi wa timu walikaa kikao na mwalimu wao wa mchezo. Kila mchezaji alikuwa na kitabu cha mbinu, na mwalimu aliwataka wasome kwa sauti kwa zamu. Wa kwanza akasoma. Kisha ikafika zamu ya mwingine, akajikwaa kwaa. Na baadhi yao ikadhihirika kwamba hawawezi kusoma kabisa. Ndugu zangu, hawa walikuwa watu wazima, na walikuwa wamepitia shule ya msingi, sekondari na chuo kikuu. Walimu zaidi ya ishirini walikuwa wamewapitisha kutoka darasa hadi darasa. Kwa sababu gani? Kwa sababu walijua kucheza, na shule zao zilitaka kushinda.

Page hakuwacheka. Wala hakuona kosa ni la wale wenzake peke yao. Aliona kwamba mtu anayefika utu uzima hajui kusoma ni mtu aliyeachwa na watu wengi tangu utotoni, kila mmoja akifikiri upenyo ule ni wa mwenzake kuulinda.

Yeye mwenyewe alikuwa ametamani sheria tangu mtoto. Alipokuwa na miaka 8, mwezi wa Mei 1954, mahakama ya juu kabisa ya Marekani iliamua kwamba si halali kuwatenga watoto weusi na weupe katika shule za serikali, na kijana mweusi wa Ohio alikuwa na sababu ya kuamini kwamba sheria inaweza kufanya kazi. Lakini mara ya kwanza alipojiandikisha kusomea sheria, mapema katika miaka yake ya mpira, alikaa majuma kama matatu akaacha. Nalipenda jambo hili. Wahubiri tunapenda kusimulia habari za watu ambao hawakuanguka kamwe, na wasikilizaji wetu wanakwenda nyumbani wamekata tamaa. Page aliacha, akakaa miaka kadhaa, kisha akarudi tena katika Chuo Kikuu cha Minnesota na kusoma huku akiendelea kucheza, akamaliza mwaka 1978.

Mwaka huo huo timu yake ilimwacha. Mke wake Diane alikuwa akijitahidi kuacha sigara, naye akaanza kukimbia ili kujisaidia. Mumewe akakimbia pamoja naye. Mke akashinda sigara, na mume akapungua mwili, kwa maana alikuwa akikimbia maili nyingi kuliko ilivyompasa mtu wa kazi yake. Wakuu wa timu wakasema amekuwa mwepesi mno, hafai tena kusimama pale mbele. Kwa desturi za ligi ile, mchezaji aliyeachwa aliweza kuchukuliwa na timu nyingine kwa ada ndogo. Timu ya Chicago Bears ilimchukua kwa dola 100.

Dola mia moja! Yule aliyekuwa bora kuliko wote miaka saba tu iliyopita. Nawaomba wale waliostaafu kama mimi wakae kidogo na habari hiyo. Mimi nakumbuka wiki ya kwanza baada ya kustaafu, nilipokwenda shuleni kuchukua vitabu vyangu, nikakuta meza yangu imeshapewa mtu, na vitabu vyangu vimewekwa chini kwenye sanduku la sabuni. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini mtu akikaa miaka mingi mahali, huanza kudhani kwamba yeye ndiye ukuta. Page alicheza Chicago mpaka mwaka 1981, na kati ya hapo, mwaka 1979, alikimbia mbio ndefu ya marathoni akamaliza, naye alikuwa wa kwanza kufanya hivyo miongoni mwa wachezaji waliokuwa bado kazini katika ligi ile. Alipoacha mpira, alikuwa tayari wakili.

Mwaka 1988 walimwingiza katika Jumba la Heshima la wachezaji, ambalo liko Canton, mji wake wa kuzaliwa. Jumba hilo lilifunguliwa mwaka 1963, na kijana Page alikuwa mmoja wa vibarua waliolijenga. Katika sherehe hiyo kila mchezaji huchagua mtu wa kumtambulisha mbele ya watu, na kwa kawaida wengi walikuwa wakichagua kocha wao, au rafiki wa timu. Page alimchagua mwalimu mkuu wa shule ya Minneapolis, Mama Willarene Beasley. Na aliposimama kunena, hakuzungumza juu ya mpira ila kidogo. Alisimulia habari za wale wenzake na kitabu cha mbinu. Akasema habari za watoto wasiosoma, mbele ya maelfu waliokuja kusikia habari za kuangushana.

Mwaka huo huo, yeye na Diane walianzisha mfuko wa kuwasaidia vijana weusi na wengine wasio weupe wa Minnesota kwenda vyuoni. Msaada wao una sharti: kila kijana anayesaidiwa lazima atoe saa 50 kwa mwaka kukaa na watoto wadogo na kuwasaidia masomo. Nimelifikiria sana sharti hili. Sisi tukimsaidia kijana tunamwambia, "Usitusahau ukifanikiwa," yaani atuletee sukari na kitenge. Wao wanamwambia aanze sasa, angali maskini, kumshika mkono aliye nyuma yake.

Katika jimbo la Minnesota majaji wa mahakama ya juu huchaguliwa kwa kura. Page alipotaka kugombea mwaka 1992, gavana alikuwa ameongeza muda wa jaji aliyekuwepo ili uchaguzi usifanyike. Page alikwenda mahakamani kudai kwamba wananchi wana haki ya kupiga kura, akashinda shauri, uchaguzi ukafanyika, na akashinda uchaguzi. Akawa mtu mweusi wa kwanza kukaa katika mahakama ile. Akachaguliwa tena mwaka 1998, 2004 na 2010, mpaka sheria ya umri ilipomtaka aondoke mwaka 2015, alipofikisha miaka 70.

Na shule ya mjukuu wangu? Zamani ilikuwa na jina la Alexander Ramsey, gavana aliyetaka mwaka 1862 Wadakota, wenyeji wa nchi ile, waangamizwe au wafukuzwe. Wanafunzi wenyewe walijifunza historia hiyo wakasema hawataki kubeba jina lile, na mwaka 2017 shule ikaitwa Justice Page. Mwaka uliofuata, 2018, Rais wa nchi alimpa Page nishani ya juu kabisa wanayopewa raia. Lakini Diane, aliyekimbia naye maili zote zile, alikuwa amefariki mwaka huo huo kabla ya siku hiyo kufika. Nishani alipokea bila mwenzake. Waliofiwa na wake zao katika mtaa wetu hawahitaji maelezo yangu.

Yeye na binti yake, ambaye ni mwalimu, wameandika vitabu vya watoto. Kitabu cha kwanza, cha mwaka 2013, kinahusu kile kidole kilichopinda. Mtu aliyekaa kiti cha hukumu miaka 22 anakaa na watoto wadogo, wanakitazama kidole chake na kuuliza maswali, naye anawasomea.

Sasa naomba niseme habari yangu, ambayo nimeificha miaka mingi. Padre anaijua, nilimwambia katika maungamo, na ni yeye aliyesema ninaweza kuiandika nikitaka.

Nilipokuwa mwalimu kijana, nilikuwa na mvulana wa darasa la sita ambaye hakuna goli lililomshinda. Miguu yake yote miwili ilikuwa sawa. Kwa ajili yake shule yetu ilichukua kombe la wilaya mara mbili, na mara zote mbili nilipigwa picha nimesimama kando yake. Hakujua kusoma. Nililijua hilo tangu mwezi wa kwanza. Alikuwa anakariri kwa masikio. Ukimpa kitabu alikitazama kwa adabu, akasubiri jirani aanze. Kumrudisha darasa kungalimtoa katika timu, maana angalitoroka kwa aibu. Basi nikamwandikia alama. Nilijiambia kwamba mwalimu wa darasa la saba atashughulika naye. Naye, nadhani, alijiambia kwamba mwalimu wa darasa la sita alikwisha kushughulika naye.

Miaka mingi ikapita. Mwaka juzi, baada ya Misa, mtu mzima mwenye mvi alinijia nje ya kanisa, akatoa karatasi mfukoni iliyokunjwa mara nne. "Mwalimu," akasema, "nisomee." Alikuwa amekopa fedha za matibabu ya mtoto wake kwa mtu fulani, akaambiwa aweke kidole gumba kwenye karatasi ya mkopo. Nikaisoma. Haikuwa karatasi ya mkopo. Ilikuwa ya kuuza shamba la baba yake, na mashahidi walikuwa wamekwisha kutia sahihi. Nilisoma mara ya pili nikitumaini macho yangu yamekosea. Alikuwa ananitazama vile vile kama zamani darasani, kwa adabu, akisubiri mwenzake aanze.

Shamba halijarudi. Shauri lingaliko barazani, na mimi ni shahidi wake, ingawa sina la kushuhudia ila udhaifu wangu.

Ndiyo maana nasema sikuweza kumkemea Alan Page. Yeye aliwaona wale wenzake kwenye kikao kimoja, hawakuwa wanafunzi wake wala watoto wake, akauchukua ule upenyo kuwa ni wake. Mimi niliwekwa penye upenyo wangu, nikalipwa mshahara wa kuulinda, nikasogea pembeni ili nipigwe picha. Mtu akiniuliza Mungu alimaanisha nini kwa Ezekieli aliposema alimtafuta mtu asimpate, ninaweza kumwonyesha mwaka na darasa.

Lakini kitabu cha Nehemia, sura ya 3, kimenipa moyo kidogo. Pale ukuta wa Yerusalemu unajengwa upya baada ya kukaa magofu miaka mingi, na wapo wanaotajwa kwamba walijenga kila mtu mbele ya nyumba yake mwenyewe. Hawakuambiwa wakatengeneze mji mzima. Na waliojenga walikuwa watu wa kila namna: mfua dhahabu, mtengeneza marhamu, mtu mmoja na binti zake. Ukuta ulikuwa umebomoka muda mrefu, nao walichelewa, lakini mawe yalikuwa bado yapo.

Nilimpigia simu mjukuu wangu, nikamwambia shule yake ina jina jema. Akaniuliza kama nitaweza kuja kukiona kile kidole. Nikamwambia nauli ya Minneapolis si ya kikokotoo cha pensheni ya mwalimu.

Tangu Kwaresima iliyopita, Alhamisi saa kumi jioni, kabla ya mazoezi ya kwaya, tunakaa chumba cha nyuma cha kanisa, mimi na yule mwanafunzi wangu na wengine wanne: akina mama wawili, kijana mmoja wa bodaboda, na mzee ambaye hataki jina lake lisemwe. Tumemaliza silabi, na sasa tunasoma majina ya watu na ya vijiji. Mwanafunzi wangu ameanza kusoma hati ya baraza mwenyewe, mstari mmoja kwa siku, akifuata kwa kidole. Anayejijua hajui kusoma, na aje; mlango wa kando hauna kufuli siku hiyo, na hakuna atakayemwona kutoka barabarani. Anayejua kusoma na ana saa moja kwa juma, tunamhitaji zaidi, maana mimi peke yangu siwezi watu watano. Daftari tunazo. Kalamu za risasi zimekwisha.